Radhi ya Ned

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, Ilford, nangoja vidonge vyangu vya presha, na mwanamke mmoja mbele yangu akafungua kichupa cha mafuta ya mkaratusi akakinusa. Harufu ile ilinijia puani na papo hapo nikasahau nimefuata nini. Mfamasia aliniita jina, akaniita tena. Nyinyi wenzangu wa rika langu mnayajua mafuta hayo. Tunajipaka magotini baridi ikianza, tunalala na soksi, na asubuhi tunanuka kama msitu. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya Mista Clem, na mpaka leo ikinipata ghafla nataka kulia.

Mista Clem alikuwa mwenye nyumba wetu, Barking. Alikuwa mzee sana, mrefu, mabega yameinama, pua imevunjika na kuungwa vibaya, na vidole vya mkono wake wa kulia vimepinda kila kimoja na upande wake. Alizaliwa Australia, katika mji wa Melbourne, akaja huku Uingereza na jeshi wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia, akaoa huku, akazika mke huku, na hakurudi tena kwao. Chini aliishi yeye. Juu tuliishi sisi: mimi, Mama, na Bibi Kidawa, mama yake baba. Baba hakuwa nasi. Walimchukua nyumbani kwetu Unguja baada ya Mapinduzi, mchana kweupe, mkono una chakula, na hatukupata tena habari yake, ya uzima wala ya kifo. Watu walimshauri Bibi amsomee khitma, akakataa. Alisema hawezi kumzika mwanawe kwa kukisia.

Kuvipata vyumba vile ilikuwa kazi. Mama alipiga hodi nusu ya Barking huku amenishika mkono, na milango ilifunguliwa tu ili ifungwe. Mista Clem alitutazama tulivyorowa na mvua, akauliza swali moja: "Kuna anayejua kupika kati yenu?" Mama, ambaye chai yake mwenyewe ilimshinda, alisema yupo, akimaanisha Bibi. Tukaingia. Bibi akalichukua jiko kama lake, na mzee aliyekuwa akiishi kwa mkate na nyama ya kopo akaanza kula wali na mchuzi wa samaki, jasho linamtiririka, pilipili inamtoa machozi, na sahani anairudisha nyeupe.

Alasiri nikitoka skuli niliwakuta wawili hao mbele ya moto wa gesi, Bibi anamenya viazi, Mista Clem anajichua magoti kwa mafuta yake ya mkaratusi. Bibi alijua "thenkyu" na "veri koldi", basi. Mista Clem hakujua Kiswahili hata salamu. Lakini ungewakuta wanazungumza, kila mmoja kwa lugha yake, tena wanacheka. Mimi nikifika niliwekwa katikati niwe mkalimani, hata kabla sijavua koti. Na mazungumzo yote yalikuwa juu ya mpira.

Mpira wa kwao si huu tunaoujua. Nilipoanza kutafsiri, Bibi alidhani namtania. Uwanja ni wa mviringo, mpana kuliko shamba. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Goli halina wavu wala kipa, ni nguzo tu zimesimama. Unaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, kuugonga kwa ngumi, kuupiga teke, na kubwa kuliko yote, unaruhusiwa kumparamia mwenzio mgongoni, goti begani, ukaruka juu yake kuudaka hewani. "Na watu wanatazama tu?" Bibi aliuliza. Nikamuuliza Mista Clem. Akasema hawatazami tu, wanalipa kiingilio waje waone hilo hilo.

Alikulia kwenye uchochoro nyuma ya kiwanda cha ngozi, na rafiki yake alikuwa Ned, mtoto wa mlango wa pili. Mpira wao wa kwanza ulikuwa kibofu cha nguruwe walichomwomba mchinja nyama, wakakipuliza, wakakifunga kamba. Nilipolitafsiri hilo Bibi aliweka kisu chini, akaenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi akakaa, akasema, "Haya, endelea." Ned alikuwa mnene na mpole, yeye mwembamba na mwepesi, kwa hiyo wakagawana kazi. Ned anainama, Clem anakuja mbio, anapanda mgongoni mwake na kuruka. Walifanya hivyo kila jioni miaka nenda miaka rudi, mpaka Clem akaujua mgongo wa Ned kuliko ngazi za kwao.

Walipokuwa vijana wote wawili walichukuliwa na timu ya mtaa. Siku za kazi walikuwa wanatoa ngozi kwenye mapipa ya chokaa. Jumamosi walikuwa wanacheza. Nahodha aliwapanga ukutani akawachua miguu kwa mafuta ya mkaratusi, mmoja mmoja, kama farasi. Mechi ya kwanza Clem alitapika kabla ya kuingia, na katikati ya mchezo akaruka mara moja tu, lakini aliruka hivi kwamba wanaume wazima walivua kofia. Tangu hapo watu walikuja kutoka mitaa mingine kumtazama. Muoka mikate alimpa mkate bure, watoto walimwiga mwendo. Wanawake wa mtaa wao walisimama kwenye uzio na pini ndefu za kofia, na mchezaji wa timu ngeni akipita karibu wanamdunga. Bibi aliwapenda sana wanawake hao. Alinitaka niwarudie kila siku, na kila siku alicheka upya mpaka viazi vikamwanguka mapajani.

Hadithi hiyo haikuwa na mwisho. Kila alipofika msimu ambao Ned alihamia timu ya ng'ambo ya mto, mahasimu wao wakubwa, Mista Clem alifunga kichupa chake, akasema amechoka. Kesho yake alianza tena kwenye kibofu. Mimi nikajijengea kichwani kwamba Ned ni mpangaji aliyekaa chumba chetu kabla yetu, kwa sababu Mista Clem akisikia hatua zangu kwenye ngazi alikuwa anaita, "Taratibu, Ned!" Basi nikawa nashuka nimejibana ukutani ili nimwachie mwenyewe nafasi ya kupita. Mtoto ni mtu wa ajabu. Sikumwona Ned hata siku moja na sikuona ajabu yoyote.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku mbaya. Mchana, saa za mechi, yule mzee habaki yeye. Alisimama ukumbini na soksi, mikono juu, macho ameyakaza darini, mwili mzima unatetemeka. Halafu anapiga magoti kwa kishindo mpaka vikombe vinagongana kabatini, na anaita kwa sauti isiyokuwa yake, sauti nyembamba ya kijana: "Shuka! Shuka!" Akizinduka hakumbuki kitu. Anauliza kwa nini yuko chini na nani ameiacha chai yake ikapoa.

Mama, aliyekuwa akifua mashuka ya spitali na kuokota maneno ya manesi, alisema ni kichwa. Amegongwa sana ujanani, ubongo umechoka. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema huyu ana pepo.

"Mama, hapa ni London," mama yangu akamwambia. " Hakuna mapepo hapa."

"Sisi tumefika, wao washindwe nini?"

Bibi hakuwa anabahatisha. Dada yake, Mungu amrehemu, aliishi na pepo wake umri wake wote, na Bibi ndiye aliyekuwa akimshika, akimfukizia, akisema naye. Aliijua sauti inavyobadilika. Alizijua pia adabu zake, na alinifundisha hata mimi nikiwa namwoshea vyombo: pepo hatukanwi wala hafukuzwi kama paka. Anasalimiwa, anafukiziwa, anaulizwa jina lake, anaulizwa anataka nini, na akipewa haki yake anatulia. Hata hivyo nadhani Bibi angemwacha Mista Clem na pepo wake kama si Dennis.

Dennis alikuwa mpwa wa marehemu mke wa Mista Clem, mtu wa mashavu mekundu, na akija alikuwa anatazama paa na madirisha zaidi kuliko anavyomtazama mzee. Jumamosi moja alimkuta ukumbini kapiga magoti, anaita. Aliondoka hata kofia hakuvua. Siku chache baadaye akarudi na habari kwamba daktari atakuja kumpima mzee akili. Akionekana anazungumza na watu wasiokuwepo, atapelekwa spitali ya wazee waliopotewa, nje ya mji, na nyumba itauzwa.

Mama alinieleza hayo akinisuka, na mikono yake ilikuwa mizito kuliko siku zote. "Wakimchukua yeye, sisi tuko njiani. Unaikumbuka ile milango? Basi usipige kelele, usimuudhi, usimwulize mambo ya mpira, mpaka huyo daktari aje apite zake."

"Na akitetemeka mbele ya daktari?"

Bibi akajibu kutoka jikoni: "Hatotetemeka."

Jumapili, Mama akiwa kazini, Bibi alinivalisha gauni la Idi akanikalisha karibu na kiti cha Mista Clem. Alikuwa amejiandaa. Ubani alikuwa ameupata kwa Muhindi wa Mombasa aliyefungua duka karibu na stesheni. Chetezo cha kufukizia alikuja nacho kutoka Unguja amekifunga ndani ya kanga, wakati watu wengine walibeba dhahabu. Ndani ya sahani nyeupe aliandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa marashi na maji, akamimina kwenye kikombe cha chai. Nikamwambia Mista Clem kwamba Bibi anataka kumtibu kabla daktari hajaja. Aliniuliza kama dawa inauma. Nikasema hapana. Akasema, "Daktari wa timu yetu alikuwa yule mchinja nyama. Bibi yako hawezi kuwa mbaya kuliko yeye." Akanywa, akajipangusa mdomo, na Bibi akamtandika shuka jeupe mabegani. Moshi ukajaa chumba, ukachanganyika na mkaratusi.

Bibi akatoa salamu, na hakumsalimia mzee, alimsalimia aliye ndani.

"Muulize, weye nani?"

Nikauliza kwa Kiingereza. Mista Clem alikuwa amefumba macho na kichwa kimeanza kuyumba. Sauti ile nyembamba ikatoka: "Ned."

Ndipo nilipojua kwamba hakuna mpangaji kwenye ngazi.

"Karibu, Ned. Muulize katoka wapi."

"Uwanjani," ile sauti ikasema. "Kwenye tope."

"Muulize anataka nini. Akitaka nguo, akitaka marashi, akitaka kuku, aseme, asione haya."

Nikauliza. Ile sauti ikajibu: "Nataka Clem ashuke mgongoni mwangu."

Nilipomaliza kutafsiri, Mista Clem alifumbua macho, na kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito, akaimalizia hadithi.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Timu yake ilikuwa inacheza na timu mpya ya Ned. Mpira ulipigwa juu karibu na goli, na aliyekuwa chini yake ni Ned, ameinama kidogo, anaungoja. Clem alikuja mbio kutoka nyuma. Alisema hakufikiri, miguu iliujua ule mgongo. Akapanda kama alivyopanda utotoni, goti begani, akaudaka mpira juu kabisa, na uwanja ukanguruma. Kwa sheria zao aliyedaka hivyo anapewa pigo lake bila kusumbuliwa. Akarudi nyuma, akapima, akapiga, akafunga. Mwamuzi wa goli akapunga bendera zake. Ndipo Clem alipogeuka amcheke rafiki yake, na Ned alikuwa bado kalala kifudifudi kwenye tope, shingo imekaa vibaya. Alikufa kabla hajafikishwa spitali.

Hakuna aliyemlaumu. Mwamuzi alisema ni halali, na magazeti yaliandika juu ya kule kudaka kuliko yalivyoandika juu ya maiti. Clem alikwenda kwa mama yake Ned. Mama huyo alifungua mlango, akamtazama, akaufunga, na Clem hakubisha hodi tena. Aliendelea kucheza kidogo, lakini miguu ilikataa kuondoka chini. Mpira ukipigwa juu anasimama anautazama, na wale wale waliombeba mabegani wakawa wanamzomea. Wakamtoa timu ya kwanza, kisha wakamtoa kabisa. Muoka mikate akaanza kumtaka hela. Vita vilipokuja alikuwa wa mbele kujiandikisha, akapanda meli, na huko vitani, alisema, kila kijana aliyemwona kalala kwenye tope alimgeuza kwanza atazame uso.

Yote haya mimi niliyapitisha kwa Bibi vipande vipande, na neno nisilokuwa nalo nilionyesha kwa mikono. Bibi alikuwa ametegemea kuombwa kuku. Alikaa chini taratibu.

"Huyu si pepo," alisema. "Huyu ni maiti, anangoja kuombwa radhi. Mwambie mzee amuombe."

Mista Clem hakubisha. Aliunganisha vile vidole vyake vilivyopinda, akatazama sakafu, akasema, "Ned, nisamehe. Nilipiga kwanza. Nilipaswa kukutazama kwanza."

Mimi nami nilingoja Ned ajibu, masikio yamenisimama. Bibi akanisukuma begani.

"Mjibu."

"Nani, miye?"

"Kwani maiti ana ulimi? Kwetu, mtu akija msibani kuomba radhi ya marehemu, nani anamjibu? Watu wake, waliobaki. Huyu hana watu hapa isipokuwa sisi. Mjibu, mwanangu, mzee asingoje zaidi."

Mkono wake ulibaki begani kwangu, umenishika kwa nguvu. Wakati ule nilidhani ananihimiza tu. Siku hizi, nami nikiwa nimezika wangu, najua ilikuwa vipi kwa mwanamke asiyekuwa na kaburi wala msiba wa mwanawe kusema maneno yale, na namwonea huruma. Lakini siku ile nilikuwa mtoto na niliona fahari kupewa kazi ya maiti. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha skuli ya Barking, "Nimekusamehe, Clem."

Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa kwetu, si kama wanavyolia Waingereza. Bibi akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akala wali, akalala kwenye kiti mpaka Mama akarudi kazini.

Jumamosi iliyofuata ilipita kama Jumatano. Mzee alikaa na gazeti lake, akanyoa ndevu, akapiga mluzi akichemsha maji. Kwenye ngazi aliniita kwa jina langu, Zuwena, akalitamka vibaya, lakini lilikuwa langu. Mama alimtazama, akamtazama Bibi, akauliza, "Umemfanya nini?" Bibi akasema amemsikiliza tu. Mama hakutaka kujua zaidi. Usiku ule nilimsikia, baada ya muda mrefu, akiimba huku anapiga pasi.

Daktari akaja katikati ya wiki, na Dennis nyuma yake. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini akanyimwa. Daktari alikuwa mtu mpole, na hilo linaniuma kuliko angekuwa mkali. Alivuta kiti, akamuuliza Mista Clem siku, mwezi, mtaa, waziri mkuu ni nani. Mista Clem alijibu yote, na la waziri mkuu alilijibu kwa tusi dogo, daktari akacheka. Dennis alikuwa anatazama dari. Daktari akafunga mkoba wake. Tayari alikuwa amesimama aliposema, kwa wema tu, "Unaonekana mzima, mzee. Mpwa wako alinitisha. Umepona tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile," alisema Mista Clem, uso unang'aa. "Ned alikuja. Amenisamehe."

"Ned ni nani?"

"Rafiki yangu. Nilimuua. Muulize huyu mtoto, alikuwepo."

Daktari alikaa tena. Alinigeukia, akaniuliza kama ni kweli, na Bibi naye akaniuliza anasemaje.

"Anauliza kama kweli Ned alikuja."

Bibi alijinyoosha, akavuta mtandio wake. Nyinyi mliolelewa kwetu mtafahamu. Mganga wa wagonjwa amekuja nyumbani, amemkuta mgonjwa mzima, anauliza amepona vipi. Kuna habari gani nzuri kuliko hiyo? Kuificha ni kumnyima mtu heshima yake. "Mwambie ndiyo. Mwambie alikuja kwa adabu, tumemkaribisha, kasema shida yake, kapewa haki yake, kaondoka kwa adabu. Hatorudi tena. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Nikamwambia, yote, neno kwa neno, tena kwa Kiingereza kizuri. Daktari aliniuliza Ned alizungumza kwa sauti gani, nikamwigia. Aliniuliza kama mzee alipewa kitu chochote, nikamletea sahani yenye doa la zafarani na chetezo chenye majivu. Dennis akapiga kelele kwamba tumemnywesha mzee madawa, ametuona, alijua tangu mwanzo. Daktari akamnyamazisha kwa mkono. Alinishukuru, akanishika kichwa. Mista Clem alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nilichosema, kama mtu anayesikia mechi yake ikitangazwa. Nilisimama pale kifua mbele, nina hakika tumeshinda.

Mama aliporudi nilimsimulia kuanzia mlangoni. Alikaa kwenye ngazi na koti lake.

"Mmemwambia daktari?"

"Alifurahi, Mama. Aliniuliza mengi."

Mama akafunika uso. Bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi na ndoo mkononi. "Mama," mama yangu akamwambia, bila kupandisha sauti, "mmetumaliza."

"Kaulizwa kapona vipi," alisema Bibi. "Ningesema uongo juu ya maiti?"

Watu wa spitali walikuja kumchukua wiki iliyofuata. Mista Clem alivaa tai. Aliambiwa ni mapumziko mafupi na akaamini. Alimvulia Bibi kofia, Bibi akamfungia vitumbua kwenye karatasi, na gari likaondoka asubuhi ya kawaida kabisa, maziwa yako mlangoni. Dennis alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Tulihamia Hayes, chumba kimoja, sote watatu, na Mama akapata kazi ya kuosha vyombo vya kulia vya abiria wa ndege. Hakumgombeza Bibi hata siku moja. Aliacha tu kuimba, na Bibi akaacha kuzungumza mambo ya kwao.

Tulikwenda kumtazama Mista Clem mara moja, mimi na Bibi, basi juu ya basi. Ilikuwa wodi ndefu, viti vimepangwa ukutani, wazee wamekaa kama wanangoja kuitwa, na harufu ilikuwa ya mkojo na dawa ya sakafu. Nilimpita bila kumtambua. Walikuwa wamemnyoa kichwa. Nesi alisema ni mzee mzuri kuliko wote pale, hana taabu, hasemi kitu.

Nilitaka kumchangamsha. Nikamkumbusha kibofu cha nguruwe, wanawake wenye pini, muoka mikate. Alinisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza habari za mji asioujua. Nikamkumbusha Ned.

"Ned yupi?" akauliza.

"Anakumbuka?" Bibi akaniuliza.

"Hakumbuki."

"Hata mpira?"

"Hata mpira, Bibi."

Maisha yake yote yule mzee alikuwa akirudia ile hadithi kwa sababu ya sehemu asiyoweza kuisema, na sisi tulipomsaidia kuisema, hakubakiwa na haja ya kuirudia. Hayo nimeyafikiri baadaye. Bibi nadhani aliyajua pale pale. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akavichukua vile vidole vilivyopinda, akaviweka ndani ya mikono yake.

"Mwambie namuomba radhi," alisema. "Mwambie nilitaka abaki nyumbani kwake. Mwambie sikujua."

Nikamwambia. Mista Clem alinitazama, akamtazama Bibi, midomo ikatikisika. Akaniuliza kama chai inakaribia kuja.

"Kasemaje?" Bibi akauliza. Hakuwa ameiachia mikono yake.

"Kasema amekusamehe," nikamwambia, nikaenda kumtafutia chai.